Laptop ina miezi mitatu kwa mafundi wa waranti, na waranti yenyewe inakata roho

Mama Steshenari, Moshi

Habari za jioni wadau. Nina kasteshenari kadogo Kiboriloni, jirani na soko. Nachapa mitihani ya shule za msingi, barua za kuomba kazi, na kukiwa na msiba, ratiba za ibada. Mwaka jana tarehe 12 Novemba nilinunua laptop mpya, ya kwenye boksi, duka moja Arusha mjini, sh 1,350,000, waranti mwaka mmoja. Duka silitaji, sijaja kuharibiana majina.

Mwezi wa saba ikaanza kuzima ghafla hata ikiwa kwenye umeme. Nikaipeleka. Wakasema chaja, wakanipa nyingine, nikarudi nayo Moshi nacheka peke yangu kwenye kosta. Siku ya pili yake, nipo swali la 17 la jaribio la darasa la nne, kiza! Nikageuza. Safari hii wakasema ni bodi (ile motherboard ya ndani), inaagizwa Dar, na Dar nao wanasubiri mzigo wa Dubai. Tangu tarehe 29 Julai wimbo ni mmoja: "Mama angu, wiki ijayo." Hata fundi cherehani mkesha wa Krismasi ana nafuu, maana yule gauni utalipata, hata kama upindo haujashonwa.

Nimeshakwenda mara nne. Kila safari, nauli na chakula, sh 10,000 imekwenda, na duka nimefunga. Mara ya mwisho niliiona kwenye shelfu, chini ya katoni ya mausi, jina langu wamelikosea. Kilichoniuma: kistika cha duka juu ya skrubu bado kizima. Sasa bodi waliionaje imekufa bila kufungua?

Maswali yangu: siku inazokaa kwao zinakula waranti yangu? Na nikichoka nikaichukua nikampa fundi wa hapa Moshi, nimepoteza haki?

Fundi wa Kaloleni

Pole dada. Usimpe fundi mwingine hata kwa kuazima bisibisi. Hicho kistika ndicho wakili wako. Kikichanika tu utaambiwa "ulifungua mwenyewe" na kesi imeisha.

Nikwambie ukweli wa karakana, nimefanya kazi sehemu kama hiyo. Mteja wa kulipia anaacha hela leo, mashine yake inapanda mezani. Ya waranti haimwingizii mtu kitu, inashuka chini ya katoni. Na bodi moja ya mteja mmoja mara nyingi haiagizwi, wanasubiri zifike kadhaa ili mzigo ulipe.

Geuza mashine, chukua namba ya seriali, iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Ikionyesha waranti ya kiwanda bado hai, wasiliana na kampuni moja kwa moja. Isipoonyesha, ya kwako ni ya duka, na utabanana na duka. Kuhusu siku: kwa ninavyojua kazi hii, cha kushikilia ni tarehe uliyoripoti tatizo waranti ikiwa hai. Walikupa karatasi ya kupokelea mashine?

Mangi Mtulivu

Mimi ningeenda Jumamosi saa tano, duka limejaa, nikauliza kwa sauti ya mnadani: "Ile laptop yangu MPYA iliyokufa ishapona?" Bodi ingepatikana jioni hiyo hiyo.

Mama Steshenari, Moshi

Mangi umenichekesha, ila mimi nikipaza sauti nalia.

Fundi, karatasi hawakunipa, waliandika kwenye daftari lao tu. Risiti ya EFD ninayo lakini imefifia, imebaki nyeupe kama kadi ya harusi. Mimi mwenye mashine ya fotokopi sikutoa kopi. Msinitukane.

Mdau wa Njiro

Risiti usiitupe. Ile namba ya uhakiki (verification code) ikisomeka, tovuti ya TRA itakuonyesha mauzo yenyewe, tarehe na kiasi. Piga picha ya skrini.

Halafu acha kwenda kuuliza, nenda na barua. Nakala mbili: tarehe ya kununua, tarehe za kuipeleka, namba ya seriali, unachodai (itengenezwe, ibadilishwe au urudishiwe hela), ndani ya siku 14. Yako wagonge muhuri na tarehe. Chini andika nakala kwa Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inadai bidhaa ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Neno "nakala kwa" lina dawa yake.

Mama Steshenari, Moshi

Mrejesho. Namba ya uhakiki ilisomeka kwa kumulika tochi ya simu, mauzo yakatokea. Alhamisi nikaenda na barua. Binti wa kaunta akagoma kugonga muhuri, eti mpaka bosi. Nikakaa kwenye kile kistuli cha wateja saa nzima na nusu. Bosi alipofika akasoma mpaka chini kabisa, kwenye ile "nakala kwa", ndipo akauliza, "Mama, na hawa wa nini tena?" Akagonga. Akaandika kwa mkono wake: bodi au mashine nyingine, kabla ya tarehe 6 Novemba. Kistika nimekipiga picha, na karatasi hii nimeitolea kopi tatu.

Kwa sasa nachapa kwa jirani, ananikata sh 300 kila ukurasa.