Aliyetapeliwa kwa simu afidiwe na nani?

Mtoa mada:
Naomba tujadili jambo hili: mteja anapotapeliwa kwa simu hapa Tanzania, hasara iwe yake peke yake, au kampuni inayoendesha huduma ya fedha nayo ibebe? Wengi husema kwamba aliyeona jina la mpokeaji kwenye kioo cha simu, kisha akaweka namba ya siri kwa mkono wake, hana wa kumlaumu. Siafiki. Laini zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, tuliaminishwa kwamba kila namba itakuwa na mwenyewe. Hata hivyo ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" bado unaingia, na jina linalotokea huweza kuwa la mtu asiyejua kabisa kwamba ana laini hiyo, kwa sababu msajili wa mtaani alimwambia, "Kidole hakijasoma, weka tena," na kwa kidole hicho cha pili akasajili laini ya tapeli. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki ya mtumaji na ya mpokeaji hugawana nusu kwa nusu fidia ya mteja aliyerubuniwa akatuma fedha, kwa kikomo cha pauni 85,000. Sisi tunashindwa nini?

Mchangiaji:
Ndugu mtoa mada, fidia ya namna hiyo itawatajirisha matapeli wenyewe: mmoja atatuma, mwenzake atatoa kwa wakala, kisha wa kwanza adai kwamba ameibiwa, na gharama ituangukie sote kupitia makato. Tusidharau kinga iliyo mikononi mwetu. Anayepiga akidai kwamba amekutumia fedha kimakosa, mkatie simu kwanza, halafu angalia salio, kwani ujumbe wa muamala huweza kughushiwa lakini salio lako haliwezi kuongezeka kwa ujumbe wake. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na namba ya tapeli uitume kwenda 15040.

Mtoa mada:
Nakubali, na hata Uingereza mteja anayeshiriki udanganyifu halipwi. Lakini kuripoti 15040 hakumrudishii mzazi ada ya mtoto, ilhali fedha huwa zimeshatolewa kwa wakala ndani ya dakika chache. Kwa hiyo napunguza dai langu: kampuni ilipe pale tu itakapothibitika kwamba laini iliyopokea fedha ilisajiliwa kwa kidole cha mtu asiye na habari, au kwamba wakala alitoa fedha bila kudai kitambulisho. Makosa hayo mawili hakuna mteja awezaye kuyazuia, hata awe mwangalifu namna gani. Kampuni inaweza, kwa kuwa msajili na wakala wote wawili hulipwa kamisheni nayo.