Nyumba ya Langoni: kompyuta za chumba cha chini

JUMATANO

[20:04] Zainabu: Assalaam aleikum nyote. Habari hii nimeiandika mara mbili tangu Jumamosi na sikupata jibu ila dole gumba la Omari, kwa hiyo naiandika mara ya tatu, na leo naomba mtu aisome hadi mwisho. Kompyuta sita za chumba cha chini zinatumia Windows 10, na Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Watoto wanaingia humo kila jioni, wanafungua barua pepe na kuandika nywila zao, na kila tundu jipya linalogunduliwa katika mfumo ule linabaki wazi. Salim, ambaye ndiye atakayezishughulikia, yupo Lamu hadi Jumapili asubuhi. Nataka tuwe tumekubaliana Ijumaa baada ya Isha.

[20:07] Zainabu: Windows 11 haziwezi kuipokea. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, ilhali zetu ni za kizazi cha nne. Lakini mashine zenyewe hazijaharibika. Zinawaka, zinaandika na zinachapisha. Pendekezo langu ni tuziwekee Linux Mint, ambao ni mfumo huria: haulipiwi, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuurekebisha, na unaridhika hata na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 2. Zetu zina 4.

[20:41] Zainabu: Naona watu kumi na mmoja wamesoma.

[20:58] Omari: Dada, mint si ndiyo nanaa? Kama ni nanaa inayoletwa, mimi nimekubali, na chai yake iandaliwe barazani siku hiyohiyo.

[20:59] Hafswa: Pamoja na mahamri na mbaazi. Yale ya Jumapili yaliisha kabla sijafika.

[21:01] Omari: Yaliisha kwa sababu Mwalimu Shee aliketi karibu na sinia.

[21:09] Zainabu: Omari, nanaa tutaichuma. Naomba jibu la kompyuta.

[21:37] Mwalimu Shee: Shemeji, hoja ya usalama naikubali. Wasiwasi wangu ni kwamba mfumo kuwa wa bure hakuufanyi kuwa mwepesi kwa mtumiaji. Jiji la Munich kule Ujerumani lilihamishia Linux karibu kompyuta 15,000, kazi ikakamilika mwaka 2013, na mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Miongoni mwa malalamiko yaliyotajwa ni hati kuvurugika zinapobadilishana mikono na ofisi za nje. Sisi nasi barua zote za shule, za kamati na za mirathi ziko katika Word. Isitoshe, kuna masasisho ya nyongeza ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa mtu binafsi atakayejiandikisha. Kwa nini tusijiandikishe, tukapata muda wa kufikiri?

[21:52] Zainabu: Nashukuru, Shemeji, kwa kusoma hadi mwisho. Kujiandikisha ni kuahirisha, na tarehe hiyo ikifika tutakuwa na mashine zilezile na swali lilelile. La hati nimelijaribu mwenyewe jana, nami nitalieleza lilivyokuwa. Salim aliiwasha mashine ya dirishani kwa fleshi bila kuigusa diski, maana mfumo huu unaweza kuendeshwa kutoka kwenye fleshi kabla mtu hajaamua kuusakinisha. Nikamkalisha Mama mbele yake, nikamwomba afungue barua ya mwaliko wa arusi ya Rukia, kisha nikakaa nyuma yake nikanyamaza. Alikwenda kona ya chini kushoto kama alivyozoea, akaikuta menyu, akaipata folda, akabonyeza mara mbili. Barua ikafunguka katika LibreOffice, programu huria ya kuandikia inayofanya kazi ya Word. Akainama hadi miwani ikakaribia kugusa skrini, akaweka kidole chini ya jina la bwana arusi, akasema, "Hili lilikuwa ukurasa wa kwanza." Na kweli. Fonti iliyoandikiwa barua haikuwamo, mashine ikaweka nyingine inayofanana nayo, mistari ikatanuka na jina likasukumwa ukurasa wa pili. Salim alipoweka fonti yenyewe, jina lilirudi mahali pake. Mama hakuuliza mfumo unaitwaje. Aliuliza pa kuzimia ni wapi.

[22:05] Salim: Shangazi ameeleza vilivyo, ila nami sina budi kusema na yaliyoshindikana. Printa ya chumba cha chini ilitambuliwa yenyewe na ikachapisha bila kuongezwa kitu, lakini upande wake wa skana haukukubali hata baada ya saa mbili za kujaribu. Pia ile programu ya hesabu za duka ya Ami Swaleh imeandikwa kwa ajili ya Windows peke yake. Sitaki mtu aje kuniambia baadaye kwamba nilificha.

[22:06] Zainabu: Skana tutaitafutia dawa. Wengine mnasemaje? Ijumaa ni keshokutwa.

ALHAMISI

[16:20] Mwanaidi: Shikamoo Shangazi, shikamooni wakubwa wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa na mtihani. Sisi tunaokaa na mashine zile kila jioni hatukuulizwa. Windows inachukua muda mrefu kuamka hata tunaanza kazi ya shule mtu mmoja akiwa ameshachoka, na juzi kwa fleshi niliona mashine inaitikia upesi zaidi. Swali langu ni moja: je, menyu zake zinaweza kuwa za Kiswahili, ili Bibi asiwe anatuita kila dirisha linapotokea?

[16:33] Zainabu: Marahaba mwanangu. Hapo ndipo penye moyo wangu. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitafsiri programu nzima ya ofisi, ikatoka kwa jina la Jambo OpenOffice, nao waliweza kufanya hivyo kwa kuwa msimbo ulikuwa huria na hawakuhitaji kumwomba mwenye mali aone faida kwanza. Tafsiri za namna hiyo zinahitaji watu wa kuziendeleza kila toleo jipya linapotoka, na ndiyo maana sehemu nyingi za mifumo hii bado utazikuta kwa Kiingereza. Lakini mlango uko wazi, na Mwalimu Shee ni mwalimu wa Kiswahili.

[16:50] Hafswa: Dada, kabla ya kufika kwenye tafsiri, mbona hakuna anayetaja picha za Matondoni zilizofutika? Mwaka 2012 tuliambiwa maneno hayahaya, kwamba ni mfumo mzuri, ni wa bure na hauna virusi. Tangu siku ile sijawahi kuliona tena jahazi la Babu. Mimi siogopi menyu. Naogopa mkono.

[16:58] Omari: Hafswa, jahazi lenyewe lilikuwa linavuja, labda limezama humo ndani.

[16:59] Hafswa: Sicheki, Omari.

[17:31] Salim: Shangazi Hafswa, sina la kujitetea. Programu ya kusakinisha iliniuliza kama nataka mfumo ukae pamoja na ule wa zamani au diski yote ifutwe, nami nikachagua kufuta bila kujua kwamba picha zilikuwa humo. Siku hizi kabla ya kugusa mashine ya mtu natoa nakala kwanza, kisha naifungua nakala kuhakikisha. Najua hilo halirudishi kitu.

[17:34] Zainabu: Yaliyopita tusiyachimbue sasa, tafadhali. Muda unakwisha. Nahesabu waliokubali: mimi, Salim, Mwanaidi na Omari. Asiyekubali aandike.

[18:47] Ami Athman: Waaleikum salaam. Nimeyasoma yote, na yale ya maandishi madogo nimesomewa na Mwanaidi. Zainabu, usihesabu watu kabla hawajasema. Picha zile hazikupotea kwa sababu ya mfumo. Zilipotea kwa sababu palikuwa na nakala moja tu, na mwenye nazo hakuulizwa. Mimi nilikuwa msikitini. Niliporudi nikakuta skrini mpya, nzuri, na ndani hamna kitu. Sikumwambia mtu neno, wala sikumchukia Salim, maana alikuwa mtoto wa miaka kumi na tano. Lakini barua za marehemu kaka yangu sasa zimo ndani ya mashine hizo hizo. Isiguswe hata moja mpaka barua ziwe katika diski mbili, moja ikae kwangu, nami nizifungue kwa mkono wangu. Baada ya hapo badilisheni mashine moja, Bi Mkubwa aitumie mwezi mzima. Akiona uzito, mrudishe mlichokikuta.

[19:40] Zainabu: Tumesikia, Ami.

[19:41] Omari: Tumesikia, Ami.

[19:44] Mwalimu Shee: Ami amesema.

[20:15] Salim: Insha'Allah, Babu. Na hata walio wengi kuliko sisi walikwenda polepole. Gendarmerie ya Ufaransa, yaani polisi wao wa kijeshi, ilianza mwaka 2005 kwa kubadilisha programu za ofisi tu, mfumo wenyewe ukaachwa ulivyo, na ndipo mwaka 2008 wakaanza kuhamia Ubuntu, ambayo nayo ni aina ya Linux, wakati watu wameshazoea kuandika na kusoma kwa programu zitakazokuwamo. Sisi pia tunaweza kuweka LibreOffice katika zile mashine tano nyingine zikiwa bado na Windows, iwapo barua zitakuwa zimeshanakiliwa.

[20:22] Zainabu: Windows hizo tano zitabaki bila masasisho mwezi mzima, na hilo silipendi, nalisema wazi. Basi ziandikishwe kwa yale masasisho ya nyongeza aliyoyataja Mwalimu Shee. Mwalimu, utalishughulikia?

IJUMAA

[13:48] Zainabu: Mwalimu Shee?

[21:10] Zainabu: Isha imepita. Kinachohitajika ni diski mbili za nje. Nani atanunua?

[21:55] Omari: Nimeuliza dukani karibu na Mkunguni, iko moja. Ya pili itafutwe Mombasa. Sijajua fedha zinatoka wapi.

[22:03] Hafswa: Mimi nitachangia ile ya Ami peke yake.

[22:04] Zainabu: Ahsante, Hafswa. Salim, anza kesho asubuhi na diski hiyo moja, na mashine itakayobadilishwa iwe ya dirishani.

[22:19] Mwalimu Shee: Samahani Shemeji, nimeona sasa. Masasisho yanataka akaunti ya Microsoft, na aliyefungua akaunti ya mashine zile nadhani ni Swaleh. Mashine ya dirishani ndiyo yenye hesabu za duka, au nimekosea?

[22:21] Salim: Hujakosea, Mjomba. Basi iwe ya mlangoni.

JUMAMOSI

[09:12] Salim: Nipo mlangoni, na chumba kimefungwa.

[11:35] Swaleh: Assalaam aleikum. Ndiyo kwanza nafungua simu, na ujumbe ni mwingi. Ufunguo wa chumba cha chini ninao mimi, lakini niko Mokowe na sitavuka hadi kesho adhuhuri. Kuna jambo gani?