Waliohamisha betri ya gari kuipeleka kwenye buti, tupeane uzoefu

Mtoto wa Gerezani
Wakuu habari za usiku. Leo nimepita gereji nikakuta Altezza imeng'olewa viti vya nyuma vyote, kapeti liko nje, waya mwekundu mnene umelala chini kutoka buti mpaka mbele, nikakumbuka jamaa yangu mmoja gari lake lilitoa moshi kwa kazi kama hiyohiyo. Na mimi Mark II yangu nafunga turbo, bomba la intakula (kipoza hewa ya turbo) linataka kukaa palepale penye betri, fundi anasema tuipeleke nyuma. Waliofanya waseme ukweli: waya saizi gani, fyuzi inakaa wapi, na yaliyowakuta.

Kimara Mwisho
Mimi niliihamisha kwa ajili ya muziki, inapiga kazi mpaka leo. Fyuzi iko shubiri moja tu kutoka kwenye betri.

Baba Nuru
Nimesoma kichwa tu mwili ukasisimka. Ile gari niliinunua mkononi mwa mtu betri ikiwa tayari nyuma, mwenyewe akaisifia eti uzito umekaa sawa. Tunaenda Iringa, mama watoto na watoto wawili nyuma, usiku, tumeshapita Ruaha Mbuyuni tunaanza kupanda Kitonga. Mtoto akasema baba kuna kitu kinanuka, nikadhani ni breki za malori maana pale harufu ya breki ni kawaida, sikupunguza hata mwendo. Mara taa zikafifia, zikarudi, zikafifia tena, halafu moshi mweupe ukaanza kutoka chini ya kiti cha nyuma walipokaa watoto. Nikasimama pembeni, kona ile mnaijua, lori nyuma yangu linapiga honi, nikazima switchi nikachomoa funguo nikijua umeme umekata, wapi, moshi ndio kwanza unaongezeka. Mke wangu alitoa watoto kupitia mlango wa upande wa mlima, mdogo kashaanza kukohoa. Nafungua buti nakuta waya unawaka wenyewe, ganda lote limeyeyuka, na betri imefungwa nati na mimi spana iko kwenye begi chini ya mizigo yote. Dereva wa lile lori Mungu ambariki alishuka na spana yake namba 10, akaing'oa negativu pale pale, cheche zikaisha. Sponji ya kiti tukaimwagia maji ya kunywa ya watoto. Asubuhi tulipofungua tukaona waya umepitishwa kwenye tundu la bati kavu, hakuna mpira wala nini, bati limekula ganda taratibu mpaka likagusa kopa, yaani shaba ya ndani. Na fyuzi hakuna, kuanzia betri mpaka stata.

Dada wa Ukonga
Pole sana Baba Nuru, watoto walipona wote?

Baba Nuru
Wote wazima dada, ahsante. Ila mdogo mpaka leo akisikia harufu ya plastiki anauliza tushuke.

Fundi Umeme Ilala
Hapo ndipo watu wasipoelewa. Waya mkubwa wa stata haupiti kwenye switchi, una umeme muda wote hata ukiwa na funguo mfukoni. Betri ikikaa mbele waya una urefu wa mkono, ikienda nyuma una mita 5 unapita chini ya viti na miguu ya watu. Ndiyo maana fyuzi inawekwa karibu na betri, isizidi sentimita 30. Ukiiweka kule mbele karibu na stata, hizo mita 5 zote hazina ulinzi, zikipiga shoti betri inamwaga kila ilichonacho.

Turbo Mbezi
Fyuzi kwenye waya wa stata itaungua kila asubuhi ukipiga stata. Miaka yote tunafunga bila fyuzi na magari yanatembea.

Fundi Umeme Ilala
Inaungua kama umeweka ya 80 ya muziki. Injini ya petroli ya kawaida stata inavuta kama ampea 150 mpaka 200, kwa sekunde chache tu, weka 250 ile ya sahani inayofungwa kwa bolti. Magari yanayotembea bila fyuzi yanangoja tundu kama la Baba Nuru.

Turbo Mbezi
Sawa wewe ndiye msomi.

Kimara Mwisho
Jamani msigombane, mtu kaeleza watoto wake walitaka kuungua.

Fundi Umeme Ilala
Saizi ya waya sasa. Kwa mita 5, waya wa 35 (milimita za mraba) ukivutwa ampea 200 unapoteza kama nusu volti. Ukiweka wa 16 unapoteza zaidi ya volti moja, hapo ndipo unasikia stata inajikongoja halafu unalaumu betri. Dizeli kubwa nenda 50 au 70. Na ukinunua kwanza kwangua ncha kwa kisu, ikitoka nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya kopa, rudisha.

Wa Makupa
Huku Mombasa wengi huweka waya ya welding, ni kopa na inapinda vizuri, lakini lazima iingie ndani ya bomba la plastiki na ifungwe kwa klipu kila baada ya shubiri mbili hivi. Mzee wetu alikuwa na Land Rover Defender, hiyo betri iko chini ya kiti toka kiwandani, na pale shida ni ule mfuniko wa bati, betri ikiwa ndefu teminali inagusa bati. Tuliweka kipande cha mpira juu yake.

Dada wa Ukonga
Na negativu irudi mpaka mbele au ifungwe kwenye bodi huko nyuma? Kila fundi ana lake.

Turbo Mbezi
Irudishe mbele, bodi ina kutu.

Fundi Umeme Ilala
Bodi inatosha kabisa kama umepiga msasa mpaka bati linang'aa, bolti nene, halafu unapaka grisi juu. Wanachosahau ni ule waya wa injini kwenda kwenye bodi, nao ubadilishe uwe mnene sawa na wa betri. Kutoa anza na negativu, kurudisha imalizie hiyo. Ukianza na pozitivu spana ikigusa bati utaona moto.

Mama Shaby
Mbona Prius yangu betri ndogo iko nyuma toka Japani na sijawahi kusikia lolote?

Kimara Mwisho
Mama angalia kama ule mpira mwembamba wa pembeni bado umechomekwa. Betri ikichaji inatoa haidrojeni, ule mpira unaitoa nje ya gari. Wengi wakibadilisha betri wanaweka ya kawaida isiyo na tundu la mpira, mpira unabaki unaning'inia. Ukisikia harufu ya mayai viza kwenye buti usisubiri, ni betri inachajiwa kupita kiasi.

Mtoto wa Gerezani
Sasa mimi mtungi wa gesi asilia nao uko kwenye buti. Nitenganishe kwa boksi?

Wa Makupa
Usiweke betri hapo kaka.

Turbo Mbezi
Mtungi una vali zake, utavuja vipi?

Fundi Umeme Ilala
Vali, mabomba, viungio, vyote vinachakaa, na betri inatoa cheche teminali ikilegea. Kwenye hili nakubaliana na wa Makupa mia kwa mia. Mwambie fundi akusogezee bomba la intakula au utafute betri ndogo zaidi ibaki mbele na kibano chake cha chuma.

Mtoto wa Gerezani
Nimeelewa mkuu. Kesho naenda kupima nafasi upande wa taa ya kushoto.