Ketamini kwa sonona sugu, kuna anayeijua vizuri?

MamaTunu

Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi. Mdogo wangu wa kiume ana sonona ya muda mrefu, siyo huzuni ya kuachwa wala ya kufiwa, hii imekaa naye miaka sasa, kutoka kitandani ni kazi, kuoga mpaka nimbembeleze, chakula anakitazama tu, ukimuuliza una nini anakujibu sina kitu dada nimechoka tu. Dawa ametumia kadhaa, fluoksetini, sertralini na nyingine ya kuongezea juu, kila mara tunaambiwa subirini wiki kadhaa ishike, tunasubiri, anapata nafuu kidogo afu anarudi palepale. Ushauri nasaha alikuwa anaenda mpaka akagoma mwenyewe.

Sasa daktari wake wa akili kataja ketamini. Mimi ketamini naijua ni dawa ya nusukaputi, na nasikia kuna vijana wanaibwia kwenye disko. Nimeingia intaneti kusoma nikachanganyikiwa zaidi, huyu anasema muujiza yule anasema inaua. Inafanyaje kazi, ikishika inakaa muda gani, hatageuka teja, na nani haruhusiwi kuigusa? Naomba mwenye kujua aniambie ukweli hata kama ni mchungu, huyu mtoto nimemlea mwenyewe.

NesiZamuUsiku

Pole sana dada, kuuguza mgonjwa wa hivi kunamaliza na anayeuguza.

Mimi ni nesi chumba cha upasuaji, ketamini naishika mara nyingi tu kwa hiyo nikuondolee hofu upande mmoja. Hii ni dawa ya hospitali iliyovuja kwenda mitaani, siyo ya mitaani iliyoletwa hospitali. Ilitengenezwa Marekani 1962, ikaruhusiwa kwa nusukaputi 1970, na askari waliojeruhiwa vita vya Vietnam walipewa sana kwa sababu kwa kawaida haikati pumzi wala haiangushi presha kama dawa nyingine za usingizi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linayo kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 1985.

Dozi ya sonona siyo ile tunayomlazia mtu kwa kisu. Iliyotumika kwenye tafiti nyingi ni nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, inadondoka taratibu kwenye dripu kwa dakika 40, mgonjwa halali, yuko macho ila anakuwa kama yuko mbali. Presha inapanda wakati dawa inaingia, kichefuchefu kipo, kizunguzungu kipo, macho yanaona ukungu, kwa wengi vinaisha ndani ya saa moja au mbili. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kupima presha na kuangalia hewa muda wote, na pawepo vifaa vya dharura pembeni. Ukiona wanamchoma afu wanamwacha peke yake chumbani, muondoe hapo.

Wasioruhusiwa au wa kufikiriwa mara mbili: mwenye presha ya juu isiyodhibitiwa, mwenye uvimbe kwenye mshipa wa damu au aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo, mjamzito, na mwenye kusikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo. Hiyo ya mwisho mtu anaweza kuficha kwa aibu, kwa hiyo muulize kwa upole mkiwa wawili.

Mfamasia_K

Nesi kamaliza upande wa usalama, ngoja niongeze upande wa kazi yake maana hapa ndipo watu wanadanganyana sana.

Dawa alizotumia mdogo wako zinashughulika zaidi na kemikali ya ubongo inayoitwa serotonini na zinachukua wiki kadhaa. Ketamini inapita njia nyingine, inaziba vipokezi vya glutameti, kemikali nyingine ya ubongo, vipokezi hivyo vinaitwa NMDA, na kwenye majaribio ya wanyama imeonekana ndani ya saa chache seli za ubongo zinaanza kuota miunganiko mipya iliyokuwa imesinyaa kwa msongo wa muda mrefu. Maelezo kamili bado wanasayansi wanabishana, ila kwamba inafanya kazi haraka hilo halina ubishi mkubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha jaribio dogo sana mwaka 2000, afu 2006 timu ya mtafiti Carlos Zarate hukohuko Marekani ikachukua wagonjwa 18 ambao dawa zilishawashinda, wakapewa dripu moja tu. Siku iliyofuata asilimia 71 walikuwa wamepata nafuu kubwa. Wiki moja baadaye waliobaki na nafuu hiyo ni asilimia 35.

Dada zisome hizo namba mbili pamoja, usikubali mtu akupe ya kwanza akaficha ya pili. Inapanda haraka na inashuka. Ndio maana siku hizi hawatoi dripu moja wakakuaga, wanatoa mfululizo, mara nyingi mara mbili au tatu kwa wiki kwa wiki chache, afu wanaachanisha taratibu, na wengine wanahitaji ya kushikizia kwa miezi. Kwa hiyo kabla hamjaanza muulize daktari mpango wa baada ya mfululizo ni upi, akishindwa kukujibu basi bado hajajipanga.

Kuna ile ya kupuliza puani pia, Spravato, hiyo ni esketamini, yaani aina ya ketamini, Marekani waliiruhusu Machi 2019 kwa sonona ambayo angalau dawa mbili zimeshindwa, mwanzoni lazima iende na kidonge cha sonona, Januari 2025 wakaruhusu itumike hata peke yake. Anapuliza mbele ya mhudumu, anakaa chini ya uangalizi saa 2 angalau, na haruhusiwi kuendesha gari mpaka kesho yake akiwa amelala vizuri.

Na kwa wanaojiuliza kuhusu shoti ya umeme, ile tiba ya hospitali ya kupitisha umeme kwenye ubongo mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi, utafiti mkubwa uliotoka 2023 ulilinganisha vyote viwili kwa wagonjwa wasio na dalili za ukichaa, zaidi ya watu 360 walitibiwa, waliopata nafuu kwa ketamini ni asilimia 55 na kwa umeme 41, na waliopewa ketamini kumbukumbu zao hazikusumbuka sana. Lakini mwenye sonona kali ya kusikia sauti, au aliyegoma kabisa kula na kunywa, umeme bado una heshima yake, msiukimbie kwa sababu ya jina.

Kuna jambo jingine lazima lisemwe. Mgonjwa aliyepewa ketamini anajua amepewa, anaelea, kwa hiyo matumaini yake mwenyewe yanachanganyika na dawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu kuwapa watu wakiwa wamelala nusukaputi ya upasuaji, hawajui wamepata ipi, na tofauti na waliopewa maji yasiyo na dawa haikuonekana, pande zote walipata nafuu. Sisemi dawa ni bure, nasema usimpeleke kwa ahadi za mbinguni.

KijaniTena

Mimi nimepewa. Nitasema yaliyonikuta tu, siyo daktari.

Dripu ilipoanza sauti za chumbani zikaenda mbali, mikono nikaiona kama ya mtu mwingine, muda sikuujua kabisa, kuna dakika niliogopa nikadhani sirudi na nesi akanishika bega akaniambia inapita, vuta pumzi, ikapita kweli. Yani yule mtu wa kukushika bega ni nusu ya tiba, wallahi.

Kesho yake sikuwa na furaha kama watu wanavyoandika. Ila niliamka nikaenda kupiga mswaki na nilipofika katikati nikagundua sijabishana na nafsi yangu kuinuka. Mtu ambaye hajapitia haya hawezi kuelewa hilo ni kubwa kiasi gani. Niliweza kusoma ukurasa mzima nikajua nimesoma nini, nikampigia mama mwenyewe.

Sasa kilichoniumiza, hakuna aliyeniambia itashuka. Iliposhuka nilidhani ni mimi, nikasema kumbe hata hii imenishinda, na zile siku zilikuwa mbaya kuliko za mwanzo. Dada mwambie mapema mdogo wako kwamba kushuka kupo na siyo kosa lake, na zile siku akiwa juu ndiyo arudi kwa mshauri aliyemkataa, akili inakuwa imelegea kidogo, maneno yanaingia. Mimi nilianza kuongea mambo ya utotoni kipindi hicho, na hayo niliyoongea yamebaki na mimi hata dawa ilipopungua.

BabaWatatu

Sipingi wenzangu ila swali la uteja limerukwa. Uteja upo. Anayeitumia ovyo kila siku kwa miaka inamharibu kibofu, mikojo inauma, inatoka na damu, anakojoa kila baada ya dakika chache, nimeona kijana wa ukoo wetu analia chooni, na kwa wengine kibofu hakirudi kama zamani hata wakiacha. Mwigizaji Matthew Perry aliyefariki Oktoba 2023, ripoti ya uchunguzi ilitaja madhara ya ketamini kuwa chanzo kikuu, pamoja na kuzama majini na moyo uliokuwa na shida. Naye alishawahi kupewa kihalali kwa ajili ya sonona, lakini iliyokutwa mwilini siku ile haikuwa ya kliniki.

Mwezi huohuo mamlaka ya dawa Marekani ikatoa onyo kuhusu ketamini za kuchanganywa na maduka ya dawa yenyewe zinazotumwa watu wakatumie nyumbani. Kwa hiyo dada mtu akikwambia nakuletea vidonge au chupa umpe mwenyewe chumbani, kataa. Na kama mdogo wako aliwahi kuwa na shida ya pombe au dawa yoyote, daktari ajue kabla.

MamaTunu

Jamani Mungu awabariki, nimesoma yote nikarudia. Kuna kitu sijawahi kumwambia daktari nikiona hakihusu. Kabla hajaanza kulala hivi kuna kipindi alikuwa halali kabisa usiku, anaongea haraka mpaka humfuati, ana mipango ya biashara kila saa, akamaliza akiba yake yote kununua vitu, sisi tukafurahi tukadhani kijana kachangamka. Hii inahusu?

Mfamasia_K

Dada hiyo inahusu kuliko yote yaliyoandikwa hapa. Mpigie daktari kesho, usisubiri kliniki. Inawezekana siyo sonona ya kawaida, inawezekana ni baipola, ule ugonjwa wa kuchangamka kupita kiasi afu kuzama kwenye sonona, na kwenye baipola vidonge vya sonona vikienda peke yake vinaweza visisaidie au vikamrusha juu tena. Watu wanaitwa sugu miaka kumbe ugonjwa haujapewa jina lake. Ketamini imejaribiwa pia kwa wenye baipola, ule utafiti wa 2010 ninaoujua wagonjwa walikuwa tayari kwenye lithiamu au valproeti, dawa za kuwashikilia wasipande wala kushuka, hawakupewa hivihivi. Inawezekana daktari akaanza na lithiamu kwanza na ketamini isihitajike kabisa.

NesiZamuUsiku

MamaTunu naomba nikuulize waziwazi, amewahi kusema anataka kufa?

MamaTunu

Alisema hivi karibuni, kwamba angelala asiamke. Nikamnyamazisha, nikamwambia usiseme hivyo.

NesiZamuUsiku

Leo usiku kaa naye umuulize tena, kwa neno hilohilo, unafikiria kujiua? Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, kunampa pa kulitua. Dawa zote za nyumbani ziwe kwako, umpe za siku moja moja, ondoa na sumu ya panya na chochote unachokijua. Akikwambia ana mpango au ana siku, usingoje kesho ya kumpigia daktari, mpeleke idara ya dharura usiku huohuo na usimwache peke yake njiani. Hilo la kutolala na akiba liandike kwenye karatasi uende nalo, ukifika pale utakuwa umechoka utasahau.

MamaTunu

Nimefunga kabati ufunguo ninao. Naenda chumbani kwake sasa hivi.