Majirani wa Mtongwe

Rehema, 19:02
Asalaam aleikum majirani. Tangazo limebandikwa hospitalini kwetu: kuanzia mwezi ujao kitengo cha dharura kitafungwa saa kumi na mbili jioni. Usiku mgonjwa apelekwe hospitali ya Coast General, kisiwani Mombasa. Kesho saa tatu twende kwa mwakilishi wadi. Nani yuko?

Rehema, 19:26
Tiki za buluu naziona.

Kasim Tuktuk, 19:31
Mie nipo. Lakini Ijumaa hiyo, mwisho saa tano.

Mama Zuhura, 19:33
Rehema, zile pesa za taa za mtaa ziliishia wapi? Kabla hatujachanga tena.

Rehema, 19:33
Hakuna aliyetaja kuchanga.

Mama Zuhura, 19:34
Bado. Nakujua.

Salim, 19:40
Si barabara ya Dongo Kundu imefunguka? Ambulensi ipite huko, feri ya nini.

Kasim Tuktuk, 19:41
Ambulensi ipi? Ile iliyo chini ya muembe, kuku wametaga ndani?

Salim, 19:41
Washaangua 😂😂

Rehema, 19:48
Jamani, hizi ni roho za watu! Dongo Kundu unatokea Miritini, kisha Changamwe, Makupa, ndio uingie kisiwani. Feri, ambulensi hupewa nafasi mbele, sawa, lakini ikiwa iko ng'ambo utaingoja tu. Na Katiba kifungu cha 43 chasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Salim, 19:50
Watasema hawajakunyima, wamekuhamisha.

Rehema, 19:50
Salim kalale.

Tima, 20:15
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Rehema, 20:16
Tima mbona wafuta? Hilo la wauguzi wa zamu ya usiku ndilo tulitakalo.

Tima, 20:17
Mwajua nafanya kazi wapi. Niacheni.

Babu Hamisi, 21:05
Tarehe 29 Aprili 1994 asubuhi nilikuwa gatini. Feri ilizama twaiona. Watu 272. Nimebeba maiti za watoto niliokuwa nawaita kwa majina. Tangu hapo mke wangu havuki maji usiku, na alipobanwa na kifua ni hapo hapo hospitalini alipopata pumzi. Zuhura naye kazaliwa hapo saa nane za usiku, na mvua ile. Leo mamake auliza taa. Kesho mie nitakwenda, hata peke yangu.

Mama Zuhura, 21:44
Nimekusikia Babu. Nitakuja. Hesabu ya taa bado naidai.

Kasim Tuktuk, 21:46
Babu nitakupitia, usitembee na goti hilo. Ila saa tatu ni ile ya harusi ama saa tatu kweli?

Rehema, 21:50
KWELI. Barua ya malalamiko ataandika Salim, ana kompyuta. Nataka sahihi za kila nyumba.

Salim, 23:12
Simu ilizima chaji. Barua gani?

Bi Mwanajuma, 05:47
Sabalkheri. Mkutano ni leo ama kesho? Na yule wa makaa, bado ana gunia?