Tupeane uzoefu: raga ya wachezaji saba skulini, na zile saa za kusubiri baina ya mechi na mechi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika skuli moja ya sekondari hapa Unguja, na msimu uliopita nilisimamia timu ya raga ya wachezaji saba, mchezo ambao wazee wa mtaani kwetu bado wanauita mpira wa yai. Naomba mlioucheza, mlioufundisha au mliosafiri na watoto wenu mtueleze yaliyowakuta, hasa nje ya mistari ya uwanja, kwa sababu msimu wangu mimi uliharibikia huko.

Mechi moja ni vipindi viwili vya dakika 7, na mapumziko hayazidi dakika 2, kwa hiyo asiyeujua hudhani ni mchezo mwepesi. Lakini ulipobuniwa Melrose, Uskoti, mwaka 1883, ulikusudiwa kuichangia klabu fedha kwa mashindano ya siku moja, na mpaka leo timu hucheza mechi kadhaa kutwa, huku baina yake watoto wakikaa juani saa mbili au tatu. Sisi tulivuka kwenda Dar es Salaam na wachezaji 12, tukashinda mechi mbili za asubuhi, kisha mwenyeji wetu, Mungu amlipe kheri, akatuletea masinia ya pilau, nami sikuwa na uso wa kuyakataa. Katika mechi ya tatu, winga wangu, ambaye asubuhi hakukamatika, aliupata mpira akiwa peke yake katikati ya uwanja, akakimbia hatua kama ishirini, akasimama akijishika ubavu. Tulifungwa pointi 31 kwa 5. Siku hizi nabeba tende, ndizi mbivu na boflo tupu, na pilau linasubiri kipenga cha mwisho.

Mchezaji wa zamani, Chake Chake

Maalim, afadhali wewe ulishiba. Sisi tulipanda boti ya usiku katika bandari ya Mkoani, Pemba, wakati wa kusi, na tulipoingia mkondo wa Nungwi hapakuwa na mchezaji aliyebakiwa na kitu tumboni. Mechi ya kwanza ilikuwa saa mbili asubuhi, na mimi nilikuwa bado naiona nyasi ikipanda na kushuka. Tulifungwa, tukalala chini ya mwembe kama magunia, na huo usingizi ndio uliotuwezesha kushinda mbili za jioni. Anayetoka Pemba na afike siku moja kabla, hata kama itabidi kulala msikitini.

Mzazi, Wete

Mwanangu aligongwa kichwa katika mechi ya pili, akainuka akicheka, na kila mtu akaridhika. Nilimmenyea chungwa, akalishika tu mkononi, akaniuliza, "Mama, tumecheza na nani?" Nikamjibu. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena swali lile lile, na chungwa bado lipo mkononi. Nilimwita mwalimu wao, naye bila kubishana akamvua jezi, akanieleza kwamba mchezaji anayeshukiwa kuumia kichwa hutolewa na harudi tena siku hiyo, hata ikiwa fainali. Kijana alilia sana, na wenzake walininunia mpaka tukafika bandarini. Nilistahimili.

Nahodha wa zamani wa timu ya wasichana, Unguja

Uwanja wetu jioni ulikuwa wa wacheza kandanda, na hapakuwa na wa kuwabandua, kwa hiyo tulifanya mazoezi pwani maji yakipwa. Maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, ndiyo maana ratiba yetu tuliiandika kwa mwezi wa mbinguni: siku za bamvua tulipata mchanga mpana wa kukimbilia, na siku za maji mafu tulibaki na ukanda mwembamba, tukafanya pasi fupi tu. Mpira uliorowa na kujaa mchanga huteleza kama samaki, na mikono ikishauzoea huo, ule mkavu wa mashindanoni haukuponyoki. Kuhusu kusubiri, ushauri wangu ni mmoja: ratiba ikitoka, mwambieni mwandaaji mapema kuhusu sala ya adhuhuri, kwa sababu tuliwahi kuitwa uwanjani wenzetu watatu wakiwa wamo katika rakaa ya pili.

Mwalimu aliyeanzisha mada

Mama wa Wete, swali la mwanao nimelichukua. Mechi ikimalizika, kabla sijagawa maji, kila mchezaji ananitajia tumecheza na nani na nani aliyefunga mwisho. Juzi mmoja alikosea, nikamkalisha. Kumbe alikuwa anafunga kamba za viatu wakati trai ile, yaani bao la raga, inafungwa, na mpaka leo ananidai nusu ya mechi.