Hivi kuna "jeni ya mkia" kweli?
Habari wadau, naomba msaada. Nasoma kuhusu viinitete vya zebrafishi, yule samaki mdogo wa mistari wa maabara, yani yai likirutubishwa leo kesho muda kama huu ushaona kichwa, mkia na moyo unaanza kudunda. Sasa nimekuta jeni moja tbxta, ikiharibika samaki anatoka hana mkia. Ndo jeni ya mkia hiyo? Na kama kila seli inayo mbona mkia hauoti kichwani??

Jibu 1
Mkuu hilo neno "jeni ya mkia" futa kabisa. Huyo samaki hakosi mkia tu, anakosa na notokodi, ile fimbo laini inayotangulia uti wa mgongo. tbxta kazi yake kutoa protini inayoenda kushika DNA na kuwasha jeni zingine, ni swichi tu. Na masaa kama 3 ya mwanzo jeni za kiinitete zenyewe karibu zote zimelala, anaendesha mama kwa maelekezo aliyoyaacha kwenye yai (mama hata baharini ni mama 😂).

Jibu 2
Zebrafishi sio wa baharini bana, wa maji baridi huyo 😅
Swali la kichwani: seli inajua ilipo kwa ishara inayoipata. Protini za Nodal zinatoka ukingoni, pale seli zinapopakana na kiini cha njano, sasa ya jirani inapata nyingi inaenda kuwa utumbo, ya mbali kidogo msuli au damu, ya mbali zaidi haifikiwi inabaki njia ya ngozi na ubongo. Hapo bado BMP, protini nyingine ya ishara, ipo kwa wingi upande wa tumbo, mgongoni kuna protini Chordin inaibana.

Muuliza swali
Duh. Wakiziondoa hizo Nodal?

Jibu 2
Jeni za Nodal zinazohusika hapo ziko mbili, ndr1 na ndr2. Ukiharibu moja anajikongoja, ukiharibu zote hana utumbo, hana moyo, misuli ya kiwiliwili hamna, ila ya mkiani kidogo inabaki.

Jibu 1
Mimi iliyonimaliza ni jeni nyingine, noto. Ikiharibika, seli zilizotakiwa kuwa notokodi hazifi wala hazikai bure, zinageuka msuli. Swichi moja tu hiyo.